KLACHI NGUMU

Leo tutazungumza juu ya klachi ngumu. Mtu akiniambia, "Bwana, klachi ya gari langu imekuwa ngumu, goti linaniuma," mimi humwuliza kwanza: Ilianza lini? Maana ugumu uliokuja ghafula na ugumu uliokuja pole pole si ugonjwa mmoja.

Kwanza tujue kazi ya klachi. Injini ikiwashwa huzunguka wakati wote, lakini magurudumu lazima yasimame mara kwa mara. Kwa hiyo kati ya injini na giaboksi pana sahani nyembamba, nayo mafundi huiita klachi pleti. Springi yenye nguvu huibana sahani hiyo kwenye gurudumu zito la injini, na vyote huzunguka pamoja. Chukua daftari lako, ulibane kati ya viganja vyako viwili, mwenzako alivute. Halitoki. Sasa legeza viganja kidogo. Linatoka. Basi klachi ni hivyo hivyo. Ukikanyaga pedali unailegeza springi, na injini huzunguka peke yake bila kuvuta gari.

Kumbe basi mguu wako hushindana na springi. Uzito kidogo ni wa kawaida, na wa lori ni mkubwa kuliko wa gari dogo. Lakini kama pedali imekuwa nzito kuliko ilivyokuwa zamani, kuna kitu kimeongezeka njiani kati ya mguu na springi. Kazi yetu ni kukitafuta. Kukanyaga kwa nguvu zaidi si dawa.

Njia hiyo ni ya namna mbili: kuna magari yanayotumia waya, na kuna yanayotumia mafuta.

Tutazame waya kwanza. Chukua mfano wa ile Volkswagen ndogo ya zamani, yenye mgongo wa mviringo, ambayo ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1962. Injini yake iko nyuma. Waya wa klachi hutoka kwenye pedali, hupita ndani ya bomba chini ya sakafu, hata ufike kwenye giaboksi. Waya huo umesokotwa kwa nyuzi nyingi nyembamba za chuma, kama kamba ya katani. Grisi ikikauka, vumbi na maji vikaingia, waya hushika kutu. Halafu uzi mmoja hukatika, kisha wa pili. Kila uzi uliokatika husimama kama mwiba na kukwaruza bomba. Hapo ndipo pedali inapokuwa ngumu. Dereva asiyejali huendelea kukanyaga, mpaka siku moja waya wote hukatika, na mguu wake huzama mpaka sakafuni. Gari liko katika gia, mbele yake watu wanavuka barabara, naye hawezi kuitenga injini na magurudumu. Akifika hapo, amebakiwa na breki na swichi ya kuzimia injini.

Mimi mwenyewe niliwahi kulipa fedha nyingi kwa ujinga katika jambo hili. Fundi mmoja alishusha injini yote, akatia klachi mpya. Pedali ikabaki ngumu vile vile! Kosa lilikuwa katika waya, kitu cha bei ndogo.

Ungefanyaje, basi? Simamisha gari mahali pa tambarare, zima injini, toa gia, vuta breki ya mkono, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Usilale kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Sasa fungua waya upande wa giaboksi, na mwenzako auvute kwa mkono. Ukikwama, ubaya uko katika waya, au katika bomba lake, au katika pini ya pedali iliyokauka. Ukiteleza vizuri, ubaya uko ndani zaidi. Tazama tena kile kipande cha bomba kinachopindika karibu na giaboksi. Katika Volkswagen hiyo hutakiwa kibonyee chini kwa milimita 25 hadi 45. Kikizidi hapo, waya husugua.

Magari ya mafuta ni mengine. Land Rover zilizoanza kutengenezwa mwaka 1958 zilikuwa za namna hii, na magari mengi ya siku hizi pia. Humo mguu husukuma mafuta ya breki katika bomba jembamba. Bomba la mpira likizeeka huvimba ndani na kuziba njia, na pedali huwa ngumu, tena hurudi pole pole. Yako makosa mabaya zaidi: kutia mafuta ya injini katika kikopo cha mafuta ya breki. Mafuta hayo huvimbisha mipira. Katika magari mengine kikopo ni kimoja kwa klachi na breki, kwa hiyo aliyekosea ameharibu vyote viwili. Soma maandishi yaliyo juu ya kifuniko kabla ya kumimina!

Kama pedali imekuwa nzito kidogo kidogo kwa miaka, huenda klachi pleti imekwisha. Katika magari mengi ya sasa springi ina umbo la sahani, na pleti inapolika, springi hiyo huzidi kuwa ngumu kusukumwa. Hiyo ni kazi ya fundi. Mwambie asipulize vumbi lililo ndani, bali alifute kwa kitambaa kibichi, kwa sababu pleti za zamani zilikuwa na asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu.

Sasa shika rula na penseli. Sukuma pedali kwa kidole mpaka uone imeanza kuwa nzito. Umbali huo ni mchezo wa pedali. Kwa Volkswagen tuliyoitaja ni milimita 10 hadi 20. Kwa gari lako, tafuta katika kitabu chake. Andika tarehe, andika milimita ulizopata. Pima tena baada ya mwezi mmoja, uandike chini yake. Mwalimu wenu atayatazama madaftari, na juma lijalo tutaanza habari za breki.