Linux kwenye kompyuta mpakato, sehemu ya tatu: inapolala isiamke

Kompyuta mpakato inayoendeshwa na Linux hulala hasa kwa namna tatu, na namna inayotumika ndiyo inayoonyesha ugonjwa utafutwe wapi. Ya kwanza, S3, ambayo Linux huiita "deep", huzima karibu kila kitu na kubakiza umeme mdogo wa kulinda yaliyomo kwenye RAM. Ya pili, "s2idle", haizimi: prosesa hukaa bila kazi, na kila kifaa hutakiwa kijitulize chenyewe. Ya tatu huandika yote yaliyomo kwenye RAM katika diski, kisha mashine huzimika kabisa.

Kwa watu wa Kibondo na Kasulu tofauti hizi ni za maisha ya kila siku. Miji hiyo ilitegemea majenereta ya dizeli kwa miaka mingi kabla ya Gridi ya Taifa kuifikia, na nje ya miji wengi huchaji kwa sola. Kompyuta ya mtumba mara nyingi huja na betri iliyochoka. Ikilala vibaya usiku kucha, asubuhi betri ni tupu, na kazi ambayo haikuhifadhiwa imepotea.

Hatua ya kwanza, basi, ni kuuliza mashine inalala vipi, kwa amri cat /sys/power/mem_sleep. Jibu likiwa s2idle [deep], neno lililo ndani ya mabano ndilo linalotumika. Zikiwapo zote mbili lakini mabano yako kwenye s2idle, maneno mem_sleep_default=deep huongezwa kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT katika faili la /etc/default/grub. Kwenye Ubuntu na Debian hufuata sudo update-grub, kisha kuwasha upya. Mashine nyingi zenye prosesa za Intel za kizazi cha 11, zilizoanza kutoka mwaka 2020, hazina S3 kabisa. Hapo hakuna mpangilio wa Linux utakaoirudisha.

Mashine isiyolala inapofunikwa huenda haina hitilafu yoyote. Mkufunzi wa chuo cha ualimu Kasulu anayeifunika ingali imeunganishwa na projekta ataikuta iko macho, kwa kuwa maagizo ya kawaida ya systemd ni kutolala panapokuwa na skrini ya pili. Agizo hilo ni HandleLidSwitchDocked, ndani ya /etc/systemd/logind.conf.

Inayoamka yenyewe ni ya hatari zaidi, kwani huweza kuchemka ndani ya begi safarini. Faili la /proc/acpi/wakeup huorodhesha vifaa vyenye ruhusa ya kuamsha. Mara nyingi mkosaji ni kipanya cha USB, ambacho njia yake huandikwa XHC. Amri echo XHC | sudo tee /proc/acpi/wakeup humnyima ruhusa, ila ikirudiwa humrudishia, na mashine ikiwashwa upya agizo hufutika.

Tatizo gumu ni la mashine iliyolala ikakataa kuamka. Kabla ya kuizima kwa nguvu, ibonyezwe Caps Lock. Taa yake ikibadilika, keneli, yaani kiini cha Linux, iko hai na kilichokufa ni skrini tu, hivyo lawama iende kwa kiendeshi cha michoro. Taa isipobadilika, mashine huzimwa na kuwashwa, kisha journalctl -b -1 -k huonyesha kumbukumbu za awamu iliyopita. Mara nyingi mstari wa mwisho ni "PM: suspend entry". Mstari huo usisomwe kupita kiasi: programu zote, pamoja na ile inayoandika kumbukumbu, zimegandishwa wakati huo, kwa hiyo hauonyeshi kama mashine ilishindwa kulala au kuamka.

Hapo ndipo pm_test inapostahili sifa ambayo haipewi. Ni kipimo kilichomo ndani ya keneli yenyewe, hakihitaji intaneti wala programu ya ziada, na huigawa safari ya usingizi katika vituo: freezer, devices, platform, processors na core. Baada ya kuhifadhi kazi, mtu aliyeingia kama root huandika echo freezer > /sys/power/pm_test, kisha echo mem > /sys/power/state. Mashine huenda hadi kituo hicho, husubiri sekunde 5, hurudi. Ikirudi salama, kituo kinachofuata hujaribiwa. Kwa s2idle, vitatu vya mwanzo ndivyo vyenye maana. Ikikwama kwenye devices, yaelekea kuna kiendeshi kinachokosea. Viendeshi huondolewa kimoja kimoja kwa modprobe -r, na cha waifai ni mahali pazuri pa kuanzia. Vituo vyote vikipita na usingizi wa kweli bado ukashindikana, shaka kubwa iko kwenye BIOS. Toleo jipya la BIOS huweza kuponya, lakini lisiwekwe bila betri kujaa na chaja kuwa kwenye umeme: kukatika katikati kwaweza kuua ubao mzima. Majaribio yakiisha, echo none hurudishwa kwenye pm_test.

Kwa betri iliyochoka, kulala kwenye diski ndiko salama, maana umeme ukiisha hakuna kinachopotea. Sharti lake ni swapu ya kutosha, yaani nafasi ya diski ya kupokea yaliyomo kwenye RAM, na ukubwa unaolingana na RAM ndio wa kutegemewa. Kwenye Ubuntu na Fedora, Secure Boot ikiwa imewashwa keneli hukataa namna hii, kwa kuwa taswira iliyoandikwa kwenye diski ingeweza kuchezewa. Hapo mwenye mashine huchagua ama kuzima Secure Boot katika BIOS, ama kuhifadhi kazi na kuzima kompyuta kabisa kila jioni.