Siku Moja kwa Korongo wa Ziwa Hornborga

Mwezi Aprili wanne kati yetu tulikuwa Västergötland, Uswidi, kutembelea sharika marafiki. Ratiba ilijaa vikao, lakini Jumamosi moja wenyeji walituambia tuvae makoti yote tuliyo nayo, kwa sababu tunakwenda kuangalia ndege. Nakiri niliiona kuwa siku ya kupoteza. Nilirudi na jambo linalozihusu hasa kamati za sharika zilizotuletea maombi ya mifereji.

Ziwa Hornborga liko kati ya miji ya Skara na Falköping. Lina ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 30, na sehemu kubwa ya maji yake hayafiki kiunoni kwa mtu mzima. Theluji inapoyeyuka na majira ya kuchipua kuanza, korongo wanaotoka Hispania, Ufaransa na Ujerumani hutua hapo kupumzika kabla ya kwenda kuzaliana. Huanza kufika mwishoni mwa Machi, na siku za kilele wamewahi kuhesabiwa zaidi ya 20,000.

Tulisikia kelele zao kabla hatujafungua milango ya gari. Ni wa kijivu, wakubwa kidogo kuliko korongo wetu wenye taji, nao pia hucheza: dume na jike huinamiana, huruka juu mabawa wazi, hushuka, huinamiana tena. Mama mmoja mstaafu wa usharika ule alinipa darubini na chai ya moto, akanieleza kwa nini wanapapenda. Zamani mashamba ya jirani yalilimwa viazi vya kutengenezea pombe kali, na ndege walikula masalia. Kilimo hicho kilikoma. Siku hizi humwagiwa shayiri, jambo ambalo pia huwapunguzia hamu ya kuvamia mashamba yaliyopandwa. Jioni hulala wamesimama ndani ya maji, mbweha asiwafikie, na hapo ndipo watu wa kujitolea huwahesabu. Nilijaribu. Nilipofika mia nne nikapotea.

Kisha yule mama akasema, "Ziwa hili tuliliua sisi wenyewe." Kati ya mwaka 1802 na 1933 maji yake yalishushwa mara tano ili kupata ardhi ya kulima. Kila mara hesabu ilionekana nzuri kwenye karatasi. Lakini udongo wa oevu ni majani yaliyooza na kushikiliwa na maji. Ukiukausha, husinyaa na kushuka. Kwa hiyo theluji ilipoyeyuka eneo lilifurika tena, na kiangazi likakauka. Shamba halikupatikana, ziwa likageuka msitu wa matete na vichaka, na ndege wengi wa majini wakapotea. Kulirudisha kulihitaji uamuzi wa serikali, mashine za kung'oa mizizi ya matete na miaka mingi ya mabishano na wenye mashamba. Maji yalipandishwa tena miaka ya tisini, na kazi ikakamilika mwaka 1995.

Nilinyamaza, maana nilikuwa nawaza mfereji wetu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita niliidhinisha fedha za wafadhili kukausha oevu moja kwa ajili ya bustani ya akina mama. Misimu miwili mboga zilistawi, na picha zake tulizichapisha. Msimu wa tatu chemchemi iliyo chini ya kijiji ilianza kukatika ifikapo Septemba. Oevu lilikuwa likinyonya mvua ya masika na kuiachia polepole. Sisi tuliipa njia ya kukimbia. Picha ya chemchemi ile hatukuichapisha.

Nilimwuliza mama yule kama kuna ndege wanaotoka kwetu. Akacheka, akasema yupo mmoja lakini bado hajafika. Waswidi humwita lövsångare, yaani mwimbaji wa majani, ana uzito wa gramu kama tisa tu. Wale wa kaskazini mwa Uswidi hupita Afrika Mashariki wakienda na kurudi. Pengine asubuhi ile alikuwa bado kwenye vichaka vyetu akijinenepesha kwa wadudu.

Tanzania iliingia Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu mwaka 2000, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Kamati nyingi hazijui hili, na fomu yetu ya maombi haikuwahi kuuliza. Sasa inauliza pia maji ya oevu yanatokea wapi chini yake, na nani anayachota.

Maombi matatu ya mifereji yako mezani kwangu. Sijayakataa. Mwezi Septemba nitakwenda na kila kamati, tukiwa na akina mama wanaochota maji, tushuke kwa miguu kutoka oevuni hadi kwenye chemchemi.