Masomo ya video: lipia kwa mwendo wa mtoto wako
Shule zilipofungwa Machi 2020, wazazi wengi walijua simu inaweza kuwa darasa. Uzuri wa video ni kwamba mtoto asiposhika aljebra, anairudia mpaka aelewe. Hakuna wa kumharakisha.

Uko Nyeri, Karatina au Nanyuki na unataka kujaribu? Ushauri wetu:

1. Anza na masomo ya bure ya KICD kwenye YouTube. Je, mtoto anatazama hadi mwisho?
2. Ukiamua kulipia, chukua kipindi kifupi kwanza, si muhula mzima. Piga hesabu ya bando pia.
3. Soma jina la anayelipwa kabla ya kuthibitisha malipo. Kampuni ikikutumia namba ya mtu binafsi, simama kwanza.
4. Usifute ujumbe wa malipo. Ndiyo risiti yako.