Umepandikizwa figo? Homa isiyoisha usiipeleke kemisti

ULISHAAGANA na mashine ya kusafisha damu. Figo mpya inafanya kazi, umerudi chuoni ama kazini, maisha yanasonga.

Kisha homa inaanza kukutembelea kila jioni. Usiku unaamka shuka limelowa jasho. Uzani unashuka na hujajinyima chakula. Shingoni umegusa kivimbe kisichouma.

Najua utasema ni malaria tu, ama mafua. Subiri kwanza.

Dawa unazomeza kila siku ili mwili usiikatae figo hufanya kazi kwa kushusha kinga. Kinga ikishuka, virusi vya Epstein-Barr, ambavyo watu wazima wengi tunavyo bila kujua, hupata mwanya. Vinaweza kufanya chembe nyeupe za damu ziongezeke ovyo hadi ziwe limfoma, saratani ya tezi. Wanasayansi walivitambua virusi hivi mwaka wa 1964, katika sampuli za uvimbe kutoka kwa watoto wa hapa jirani, Uganda.

Wanaopata limfoma hii ni wachache, lakini mwaka wa kwanza baada ya upasuaji una hatari zaidi. Inaweza pia kuja miaka mingi baadaye.

Sasa, daktari ataionaje? Ultrasaundi huangalia figo mpya na sehemu zilizo karibu nayo. Skani ya CT huonyesha tezi zilizovimba, ini, mapafu na matumbo. Kuna dawa ya kudungwa ili picha itokee vizuri, na inaweza kusumbua figo, kwa hivyo mwambie mhudumu mapema kwamba umepandikizwa. Kwa skani ya PET, unadungwa sukari yenye mnururisho kidogo. Seli za limfoma hula sukari kwa pupa, basi zinang'aa kwenye picha.

Lakini si kila king'aacho ni saratani. Hata kifua kikuu hung'aa. Ndiyo maana hukatwa kipande kidogo cha uvimbe kikapimwe maabara.

Ikithibitishwa, mara nyingi daktari huanza kwa kupunguza dawa za kushusha kinga. Wewe usijipunguzie hata tembe moja. Unaweza kuipoteza figo.

Na pengine figo hiyo ulipewa na mamako ama dadako. Homa ikikataa kwisha, pigia kliniki yako simu leo.