Mlango Ulio Wazi Nao Una Adabu Zake



Mama mmoja wa hapa Voi, muuzaji wa vitunguu na nyanya, alitujia na dukuduku. Bintiye aliyemaliza kidato cha nne hukesha mbele ya tarakilishi, akiandika programu ya kuchota habari kutoka kurasa nyingi za mtandao. "Sheikh," akasema, "isije ikawa mwanangu anajifunza wizi."

Tulimwita binti atuonyeshe. Wizara ya Kilimo ya Kenya ina tovuti ya bei za masoko, iitwayo KAMIS. Humo huorodheshwa bidhaa, soko, kaunti, bei ya jumla, bei ya rejareja na tarehe. Bei hizo zimetandazwa kurasa kwa kurasa, na kuzinakili kwa mkono ni kazi ya siku nyingi. Basi yeye huiagiza tarakilishi, kwa lugha ya Python: fungua ukurasa wa kwanza, chukua jedwali, liandike daftarini, nenda ukurasa unaofuata, usipopata jedwali tena, simama. Hakuvunja kufuli. Alipita mlango uliofunguliwa kwa watu wote.

Hata hivyo, mgeni hupimwa kwa adabu zake. Ni wajibu asome kwanza masharti ya tovuti, pamoja na faili ya robots.txt, ambamo wenyewe hueleza kurasa wasizotaka zipitiwe na programu. Kisha aiamuru programu ipumzike sekunde kadhaa baina ya kurasa, isije ikailemea tovuti, wengine wakakosa huduma. Na kila bei aiandikie tarehe na mahali ilikotoka, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Tulipolitazama daftari lake, tulikuta pia majina na nambari za simu za wafanyabiashara, alizozichota kwenye matangazo ya tovuti nyingine. Hapo tulimzuia. Nambari ya mtu haiwi mali yako kwa kuwa umeiona. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yaichunga, na kabla ya sheria hiyo, siri ya mtu kwetu ni amana. Binti alizifuta zote mbele yetu.

Bei zilibaki. Mamake akainama, akazisoma moja moja, akauliza Mombasa kitunguu kimefika kiasi gani.

Wazazi wenzetu, msiwafungie watoto tarakilishi kwa hofu. Kaeni nao, muwaulize wanachokusanya, na ni cha nani.

Wabillahi tawfiq.