Mchukuzi Apewe Wiki Yake

Mwanamume aliyefungwa mirija ya uzazi, akirudi kesho yake kubeba magunia kwa kuona haya kumwomba msimamizi ruhusa, huidhulumu nafsi yake. Kufunga mirija si kuhasiwa. Nguvu za mtu hubaki zile zile. Lakini jeraha, hata likiwa dogo, ni jeraha. Mwenye kazi ya kuketi aweza kurudi baada ya siku 2 au 3. Mchukuzi na mkulima hawana budi kungoja wiki nzima, wasije wakavimba na kutoka damu. Tena, kurudi kazini si mwisho wa hadhari: kinga nyingine itumike mpaka miezi 3 ipite na hospitali ithibitishe kwamba mbegu zimekwisha. Enyi wasimamizi, toeni ruhusa bila dhihaka. Anayeshiriki mzigo wa mkewe astahili heshima.