Usisubiri Windows, chagua prosesa

Kila Microsoft inapotangaza toleo jingine la Windows, mwenye fedha ya kompyuta mfukoni hurudi kwenye swali lile lile: ninunue sasa au nisubiri? Zamani swali hilo lilikuwa na uzito, kwa sababu toleo jipya liliuzwa kwa bei yake, na aliyenunua mashine mwezi mmoja kabla alijiona kapunjwa. Tangu Windows 10 ilipotoka Julai 2015 mambo yamegeuka. Kompyuta yenye leseni halali na inayotimiza masharti hupandishwa hadi Windows 11 bila malipo, na matoleo ya kila mwaka, kama 24H2 na 25H2, hushuka kwa njia ya intaneti. Anayesubiri toleo anasubiri kitu ambacho kingemfikia hata kama angenunua jana. Kisichoshuka kwa intaneti ni prosesa.

Hapo ndipo penye kazi. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kuanzia kizazi cha nane, kilichoanza kuuzwa 2017. Za nyuma yake zilizokubaliwa ni chache mno. Matokeo yake yanachekesha: laptopu imara ya ofisi ya mwaka 2016, yenye RAM ya GB 16, inakataliwa, huku kijilaptopu dhaifu cha Celeron kilichokuja baadaye kikipita. Ofisi za Ulaya na Marekani zinapoziondoa mashine zilizokataliwa, nyingine huishia kwenye maduka ya mitumba ya Dar es Salaam na Nairobi, zikiwa zimesafishwa na kung'arishwa. Jina la modeli lililoandikwa juu ya kifuniko halitoshi. Soma namba ya prosesa: i5-7300U ni kizazi cha saba, i5-8350U ni cha nane, na i5-10210U ni cha kumi. Muuzaji asiyetaka uiwashe uione namba hiyo, mwachie mashine yake.

Wapo watakaokumbusha mwaka 2006, na hoja yao ni nzito. Miezi kadhaa kabla Windows Vista haijaingia madukani Januari 2007, ziliuzwa kompyuta zenye kibandiko cha kuonyesha kwamba zinaiweza Vista. Baadaye ilibainika kwamba baadhi ziliimudu Home Basic tu, toleo la chini lisilo na sura mpya iliyotangazwa kwa mbwembwe, na shauri likafika mahakamani Marekani. Je, waliosubiri hawakuwa werevu? Walikuwa. Lakini kilichowaponza wenzao ni kununua mashine iliyogusa mstari wa chini tu, na mstari huo ungali upo: Windows 11 inadai RAM ya GB 4, kiasi ambacho kivinjari chenye kurasa chache hukimaliza. Anza na GB 8, au 16 ukijaliwa, hasa kwa kuwa laptopu nyingi nyembamba haziruhusu kuongeza RAM baadaye. Ziada hiyo ndiyo kinga dhidi ya toleo lijalo, lolote litakalokuwa.

Hoja nyingine husemwa kwa kejeli kidogo: kompyuta yangu ya zamani inawaka, shida iko wapi? Ni kweli, Windows 10 haikuzimika msaada wake ulipokoma 14 Oktoba 2025. Lakini Mei 2017, programu hasidi ya WannaCry ilipofunga kompyuta za hospitali za Uingereza, dawa ya tundu ililopitia ilikuwa imetolewa tangu Machi. Zilizoumia ni mashine ambazo hazikuipata. Kompyuta iliyotoka kwenye orodha ya msaada haiipati kabisa. Kwa mtumiaji wa nyumbani Microsoft imeongeza masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026, kwa dola 30 au bure kwa anayekubali kuhifadhi mipangilio yake kwenye akaunti ya kampuni hiyo. Anayeandika barua na kusoma habari tu anaweza kuihamishia mashine yake kwenye mfumo wa Linux Mint asinunue chochote, na sioni kwa nini wengi zaidi hawafanyi hivyo. Anayetegemea programu iliyoandikwa kwa Windows pekee hana njia hiyo. Bajeti yake aipange kwa kuitazama tarehe hiyo ya Oktoba, si siku Microsoft itakapopanda jukwaani na toleo jingine.